Ua la saa nne: namna ya kulipanda na kulizidisha, Islii na Pwani

Mwezi uliopita nilipanda basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa nikiwa na kifurushi cha gazeti ndani ya mkoba wangu. Mlikuwa na vitawi kumi na viwili vya ua, kila kimoja urefu wa kidole. Binamu yangu wa Kisauni alipokifungua asubuhi alicheka mpaka akakaa chini. "Watu hutoa maua Pwani kupeleka bara, wewe wayatoa Islii kuyaleta Mombasa?"

Ana haki ya kucheka. Ua lenyewe ni la Pwani, au tuseme kwetu sisi lilianzia Pwani. Lilikuwa la bibi yetu, kwenye debe la samli lililotoboka, juu ya baraza ya nyumba yake Mji wa Kale. Tangu nilipoliandika kwa kifupi nimeulizwa na wengi, wa Pwani na wa huku Nairobi, linapandwaje na kwa nini lao linakufa. Haya basi, nayaandika yote pamoja.

Bibi aliliita ua la saa nne, kwa sababu hulali kwa matumba hadi jua lipande, likafunguka kiasi cha saa nne, na alasiri likajifunga tena. Nilifikiri ni jina la nyumbani kwetu tu. Kumbe Wavietnam nao huliita hivyo hivyo: kwao ni ua la saa kumi, na saa kumi yao ya asubuhi ndiyo saa nne yetu. Wauza miche wa kando ya Barabara ya Ngong ukiwaambia saa nne hawatakuelewa, waambie potulaka. Kitaalamu ni Portulaca grandiflora. Asili yake ni Amerika Kusini, nchi za Argentina na Uruguay na kusini mwa Brazil, na jina hilo la kitaalamu alilipa mtaalamu wa mimea wa Uingereza, William Hooker, mwaka 1829.

Utalitambua kwa majani yake. Si bapa, ni mviringo, manene, mafupi, kama vipande vya tambi vilivyopachikwa kwenye shina jekundu. Mmea haupandi juu zaidi ya shubiri moja. Hutambaa, ukafunika udongo kama mkeka. Maua yake ni mekundu, meupe, ya njano, ya waridi, ya zambarau, na yako ya petali tano na yako ya petali nyingi kama waridi dogo. La bibi ni rangi ya chungwa bivu, na ni la petali nyingi. Shikeni hilo, lina maana huko mbele.

Kila ua huishi siku moja. Wageni wakiona yamenyauka jioni hudhani mmea unakufa na kukimbilia maji. Acheni. Kesho yatafunguka mengine. Na ukiwa na watoto nyumbani, waonyeshe jambo hili: chukua ua la petali tano lililofunguka, gusa kwa kijiti chembamba vile vinyuzi vya katikati vyenye vumbi la njano. Vitasogea kuelekea kijiti. Nimewahi kupoteza nusu saa ya kazi kwa mchezo huo.

Maji

Ninauza vitambaa Eastleigh tangu 2015, na ninaishi papo hapo, Section Three, ghorofa ya tano. Anayeijua Islii anajua habari ya maji. Mgao ulitangazwa Nairobi Januari 2017 baada ya bwawa la Ndakaini kupungua, na hata mvua ziliporudi sisi wa Eastlands hatukuwahi kusahau mtungi. Kuna wiki mfereji hulia hewa tu, na mwenye mkokoteni ndiye anayepanga bei.

Vitawi vya kwanza nilivitoa kwa bibi mwaka 2018, nikavipanda juu ya paa ndani ya beseni kuukuu nililolinunua Gikomba. Kisha ukaja ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikipita patupu kaskazini na mashariki mwa Kenya. Jengo letu lina watu wengi wenye jamaa Garissa na Wajir. Jirani yangu mmoja ni mama wa Kisomali mtu mzima. Jengo zima tunamwita Hooyo, yaani mama. Siku moja alipanda kuanika nguo akanikuta na kopo mkononi. Akasimama, akaniangalia.

"Mwanangu, ng'ombe za ndugu zangu zinakufa kwa kiu, nawe unanywesha maua?"

Sikuwa na la kusema. Nilimwonyesha kopo: lilikuwa maji meupe ya kuoshea mchele, kiasi cha lita moja, nayo ni ya siku nne. Beseni zima, upana wake karibu sentimita 60, lilikuwa likitumia lita mbili kwa wiki, na hakuna hata tone lililokuwa la kunywa. Alinyamaza akaenda zake. Wiki iliyofuata aliniuliza kama ua lingekubali maji ya mchele aliokwisha kuutia chumvi. Nikamwambia, Hooyo, chumvi hapana.

Linawezaje? Sehemu ya kwanza ni ile tambi: jani na shina ni ghala la maji. Sehemu ya pili ni ya ndani zaidi. Mimea mingi hufungua vitundu vyake mchana ili ivute hewa, na humo humo maji yakatoroka. Potulaka na ndugu zake wana njia ya kufanya kazi haraka kwenye jua kali, na ukame ukiwabana huanza pia kuvuta hewa usiku, wakati wa baridi, wakaihifadhi hadi jua litoke. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha uchunguzi wa ndugu yake wa mwituni, Portulaca oleracea, ambaye watu wetu humla kama mboga, wakaonyesha kwamba njia hizo mbili hufanya kazi pamoja ndani ya seli zile zile.

Lakini msinielewe vibaya. Kustahimili ukame ni kutokufa, si kupendeza. Ukilinyima maji majuma mengi litapukutisha majani, likabaki vijiti, na maua yatakuwa mawili matatu. Kipimo changu ni kidole: ingiza hadi kifundo cha pili, ukihisi ubichi, ondoka. Ukihisi ukavu, ngoja siku moja au mbili, kisha mwagia vizuri mara moja hadi yatoke chini. Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda yanafaa. Maji ya sabuni ya kufulia na ya jiki hayafai, hata kama yamepoa siku tatu.

Kitawi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ni rahisi kuliko kupika chai.

Chagua shina changa lenye afya, lisilo na tumba la ua kwenye ncha. Likiwa na tumba, lichume. Kuchanua hukipunguzia kitawi nguvu ya kuotesha mizizi. Kata kwa kisu safi au kwa kucha, urefu wa sentimita 7 hadi 10. Nyofoa majani ya chini, theluthi moja ya urefu. Sasa kiweke kivulini, penye hewa, mpaka kesho. Wengi hawana subira ya hatua hii na ndiyo inayowaponza. Kidonda kibichi kikiingia kwenye udongo wenye maji huoza. Kikikauka ngozi, hutoa mizizi. Ndiyo maana safari ya usiku kucha ndani ya basi haikudhuru vitawi vyangu, bali iliwaandaa. Na ndiyo maana nilivifunga kwa gazeti: kwenye nailoni vingetoka jasho na kufika vimeoza, licha ya kwamba mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Kesho yake toboa udongo kwa kijiti, ingiza kitawi sentimita mbili au tatu, bana kwa vidole. Nyunyiza maji mara moja tu, kisha sahau siku tatu au nne. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne kivute kidogo. Kikikataa kutoka, kina mizizi. Maua ya kwanza huja baada ya majuma matatu hadi matano, Pwani mapema zaidi, Nairobi kwa kuchelewa.

Kufunika ardhi, acha nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kati ya kitawi na kitawi. Vikianza kukua, kata ncha. Kila ncha iliyokatwa hutoa matawi mawili au zaidi pembeni, na ile uliyoikata ni kitawi kingine cha kupanda. Beseni moja lililoshika linaweza kukupa vitawi hamsini bila kuonekana limenyolewa. Sioni sababu ya mtu kununua miche kumi. Nunua mmoja, au omba kwa jirani.

Mbegu nazo zipo. Ua likishaanguka hubaki kikombe kidogo, na kikikomaa kifuniko chake hutoka chenyewe kama cha sufuria, mbegu zikamwagika, ndogo kama vumbi la chuma. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane, nyunyiza juu ya udongo, usizifukie. Zinahitaji mwanga ili ziote. Katika joto la nyuzi 21 hadi 27 huota ndani ya majuma mawili.

Lakini mbegu haina uaminifu wa rangi. Panda mbegu za ua jekundu, utapata mekundu, ya waridi na mengine usiyoyatarajia, kwa kuwa nyuki wamepita huku na huku. Na maua ya petali nyingi mara nyingi hutoa mbegu chache, pengine hayatoi kabisa. Kitawi ndicho kinacholeta ua lile lile, kwa kuwa kitawi si mtoto wa mmea, ni mmea wenyewe umeongezwa urefu. Chungwa la bibi likipotea vitawi vyake vyote, hakuna mbegu wala duka litakalolirudisha.

Udongo, na jinsi nilivyokaribia kulimaliza

Bibi alifariki 2019. Nyumba iliuzwa 2021, na mwenyewe mpya akatia vigae hadi barazani. Simlaumu, ni mali yake. Debe lilitupwa. Basi lililobaki duniani ni lile la beseni, juu ya paa letu.

Januari 2024 mafundi walikuja kutia lami paa, tukaambiwa tuondoe kila kitu. Pembeni mwa lango la jengo palikuwa na kipande cha ardhi, upana wa hatua mbili, ambapo watu walizoea kutupa taka usiku. Nikawaza: hapa ndipo. Nilisafisha, nikang'oa mmea wote kutoka kwenye beseni, nikaupanda chini. Mwezi wa pili na wa tatu palikuwa pamechanua vizuri, na jambo lililonishangaza, taka zilikoma. Mtu anaona haya kutupa uchafu juu ya maua, hata gizani.

Nilichosahau ni udongo. Sehemu kubwa ya Eastlands ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na mvua ikinyesha hugeuka uji unaong'oa kiatu. Maji hayapiti, yanakaa. Aprili ile mvua zilikuwa za kuua. Mito ya Nairobi ilivunja kingo, watu wakapoteza nyumba na wengine roho, na bonde la Mathare haliko mbali nasi. Kwa hiyo sijidai kwamba msiba wangu ulikuwa msiba. Lakini ndani ya siku kumi mkeka wote ulikuwa ute wa kahawia. Nilifukua nikitafuta hata kifundo kimoja kigumu. Sikupata.

Niliokolewa na kopo la maziwa ya unga. Miaka miwili nyuma Hooyo aliniomba kitawi, nadhani kwa heshima tu, akakipanda humo na kukiweka dirishani chini ya ukingo wa zege, ambapo mvua haifiki. Alikuwa amekisahau kabisa. Kilikuwa kijiti chenye majani kama ishirini. Nilikata vitawi vitano, nikamwachia kopo lake, na yote niliyo nayo leo yametoka humo. Tangu hapo sikai na ua hilo peke yangu. Liko kwa watu saba, kwenye majengo manne.

Basi udongo. Kwa beseni, ndoo au tairi: sehemu mbili za mchanga wa mto, sehemu moja ya udongo mwekundu, na konzi moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa. Toboa chini matundu yasiyopungua matano, tandaza kokoto kwanza. Samadi ikizidi utapata majani mazuri bila ua. Ukiwa na udongo mweusi kama wetu na huna budi kupanda chini, usijaribu kuurekebisha kwa kuchanganya mchanga kidogo, unatengeneza matofali. Inua tuta juu yake, shubiri moja hadi moja na nusu, la mchanganyiko huo niliousema, ulizungushie mawe. Hivyo ndivyo nilivyofanya langoni mara ya pili, na mvua za baadaye zimepita salama.

Jua ni sharti. Saa sita kwa siku, zisipungue. Islii ya sasa ni magorofa yaliyobanana, na vichochoro vingi hupata jua la adhuhuri tu. Hapo utapata majani, ua hutaliona. Mwezi wa saba na wa nane Nairobi hukaa na mawingu, usiku joto hushuka karibu nyuzi 11 au 12, na maua hukataa kufunguka siku nzima. Si ugonjwa. Punguza maji hadi nusu, ngojea Septemba. Mwenye kivuli cha nusu siku namshauri achukue mmea mwingine, ule wa Afrika Kusini wenye majani ya umbo la moyo na maua madogo mekundu, Mesembryanthemum cordifolium. Huvumilia baridi vizuri zaidi na hukatwa vitawi kwa namna ile ile, ingawa kwa uzuri haulifikii la saa nne.

Kwa walio Pwani

Nyinyi mna bahati ya joto na mchanga, na adui wenu ni mvua za masika, hasa mwezi wa tano. Pandeni kaskazi ikianza, Novemba au Desemba, mkeka uwe umefunga kabla ya kusi. Masika ikikaribia kata vitawi vichache, viwekeni chini ya ukingo wa nyumba kama akiba. Mmea wa zamani huchoka hata hivyo. Shina huwa kama ukuni na katikati hubaki upara. Kila baada ya miezi sita hadi tisa ukate hadi theluthi, au uupande upya.

Wenye visima vya maji ya chumvi, potulaka itawasumbua. Kwenu kuna mwingine, na mmemkanyaga mara nyingi bila kumtazama: yule mtambaazi wa ufukweni na pembezoni mwa mikoko, shina jekundu, majani manene marefu kidogo, maua madogo ya rangi ya waridi yenye umbo la nyota. Ni Sesuvium portulacastrum. Ameumbwa kwa chumvi. Hutoa mizizi kwenye kila kifundo kinachogusa mchanga, hivyo kitawi chake hakishindwi. Chukueni vitawi vitatu vinne, si mzigo, maana ndiye anayeushika mchanga wa ufuo usiende na maji.

Wadudu si wengi. Nimeona vidukari kwenye ncha, na mara moja wale weupe kama vipande vya pamba. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kisha suuza. Konokono huja masika.

Kuhusu kula: mboga ni yule ndugu wa mwituni mwenye majani bapa na ua dogo la njano, si huyu wa bustani. Wote wana oksalati, na mwenye mawe kwenye figo aulize daktari kwanza hata kwa yule wa mboga. Huyu wa maua msimpe mbuzi, wala paka asimtafune. Na palipo na mboga ile huota pia majani mengine ya kutambaa yanayofanana nayo kwa mbali. Vunja shina, na likitoa utomvu mweupe kama maziwa, tupa, lina sumu.

Vitawi vya Kisauni, nilipiga simu Ijumaa. Kumi vimeshika. Viwili vimeoza, binamu yangu amekiri kwamba hakungoja kesho.